Ubongo wa Kisogoni na Watoto wa Mto Tana

Mtu apitaye Garsen msimu wa mafuriko, maji ya Tana yakiwa yamevunja kingo na kuenea mashambani, huweza kumwona mtoto wa Kipokomo amesimama wima tezini mwa mtumbwi, pondo mkononi, magoti kayalegeza kidogo, akiukata mkondo pasi na kuyumba. Naye mtazamaji husema kwamba mtoto huyo amezaliwa na mto. Kauli hiyo ina utamu wake, walakini hakuna mwanadamu azaliwaye na mizani ile, kwa sababu serebelamu, yaani ule ubongo mdogo uliolala kisogoni, chini ya ubongo mkubwa, huja duniani haujakamilika.

Uzito wake ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ubongo wote. Hata hivyo, mwaka 2009, Suzana Herculano-Houzel na wenzake wa Brazili walipokadiria seli za neva za mwanadamu kuwa bilioni 86, walikuta bilioni 69 zimo humo kisogoni. Kazi yake si kuamrisha mwendo bali kuusahihisha: hulinganisha lililokusudiwa na lililotendeka, ikapunguza hapa na kuongeza pale, hata pondo ikatua panapostahili.

Seli zake zilizo nyingi huzaliwa juu ya uso wake, kisha hushuka ndani. Mary E. Hatten wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, aliyeichunguza safari hiyo kwa miaka mingi, alidhihirisha jinsi seli changa inavyoushika uzi wa seli saidizi na kuufuata hadi makaoni pake, kama kivuko kivutwacho kwa kamba toka ng'ambo hadi ng'ambo. Kazi hiyo huanza tumboni na kuendelea baada ya kuzaliwa, na kabla mtoto hajatimiza mwaka, serebelamu huwa imezidi maradufu.

Kikuacho kwa kasi hiyo ni chepesi kudhurika. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hukosa majuma ambayo serebelamu ingekua tumboni. Na malaria ipandayo kichwani, pamoja na degedege zake, huweza kumwacha aliyepona akiyumba katika mwendo. Utafiti wa Kilifi, jirani zetu wa kusini, na wa Uganda pia, umeonyesha kwamba takriban robo ya watoto waliookoka malaria hiyo hubaki na upungufu wa akili au wa viungo.

Huko huko Kilifi, Profesa Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo, kilichotangazwa mwaka 2008, cha kuwapima watoto wa miezi 6 hadi 35: wanavyotembea na kuruka, na jicho linavyoafikiana na mkono. Fadhila yake ni kwamba kilitungwa kwa ajili ya watoto wa pwani.

Basi katika delta hii, ambako mafuriko huleta samaki na mbu kwa pamoja, chandarua na kliniki ya wajawazito ni sehemu ya malezi ya mwana wa mto, kabla ya pondo. Na mtoto aliyepita miezi 18 asitembee peke yake, wazee wasiseme kwamba atatembea siku yake ikifika; apelekwe zahanati akatazamwe.