Mbio za Hisani: Kwa Nini Miguu Isibaki Nyumbani

Kwetu Kilwa Masoko mtu mzima akionekana anakimbia barabarani, watu huuliza nani kafa au nyumba ya nani inaungua. Kwa hiyo wenzangu wa kazini waliponiandikisha katika mbio za hisani za kilomita tano, niliwaambia kuwa mchango nitatoa, lakini miguu yangu waiache nyumbani. Hawakukubali. Hii ni wiki ya sita ya mazoezi, na leo napenda tuutazame utaratibu wa mbio hizi, maana wengi wanauona kama mchezo wa watu wenye nafasi.

Mbio za hisani zimeenea nchini. Mfano ni zile za Benki ya CRDB, zilizoanza mwaka 2020 jijini Dar es Salaam, ambazo zimechangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Zetu ni ndogo, lakini hesabu ni ile ile. Tuchukulie kuwa ada ya kushiriki ni shilingi 30,000. Fulana, medali, maji na gari la wagonjwa vikila 22,000, anayekusudiwa kusaidiwa anabakiwa na 8,000 tu. Ndipo wanapohitajika wadhamini. Majirani kumi wakiahidi shilingi 1,000 kwa kila kilomita, kilomita tano zinaleta 50,000, na hizo zote zinakwenda kwa mgonjwa. Nikiishia kilomita ya tatu, shilingi 20,000 zimepotea. Kumbe miguu yangu nayo ina bei yake!

Na bei hiyo si ndogo kwa mama wa huku kusini. Mtoto akigundulika ana tundu kwenye moyo, safari ni kupita Nangurukuru, kuvuka Rufiji na kufika Dar es Salaam, karibu kilomita 300. Hata pale matibabu yanapogharamiwa, nauli, chakula na mahali pa kulala mama vinabaki mabegani mwa familia.

Sasa tuje kwenye mazoezi. Anayeanza asikimbie mfululizo. Mimi nilianza kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, kwa muda wa dakika ishirini, mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika kati yake. Kipimo cha mwendo ni mdomo: ukishindwa kumjibu mwenzako sentensi nzima, punguza. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba moyo na mapafu huzoea mapema, ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huchukua miezi. Ndiyo sababu mtu akishaona pumzi imekaa sawa, huongeza kasi kwa furaha, kisha muundi unaanza kuuma na mazoezi yanaishia hapo.

Pwani ina mtihani wake wa pili, nao ni unyevu. Jasho haliupoozi mwili kwa kutoka, huupooza kwa kukauka. Hewa ikishajaa maji, jasho hutiririka tu na mwili unazidi kuchemka. Kwa hiyo wakati wa kukimbia ni baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda, na msimu mwema wa kuanza ni wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba. Atokaye bara apewe siku kumi hadi kumi na nne mwili uzoee joto. Anayejua ana shinikizo la damu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza, na anayesikia kizunguzungu, baridi ya ghafla au maumivu ya kifua asimame papo hapo. Hakuna mdhamini anayedai maisha ya mtu.

Pwani ya Jimbizi ni nzuri kwa mazoezi maji yanapokupwa, kwani mchanga wenye unyevu ni mgumu kiasi na hauumizi magoti. Ila pwani ina mteremko, hivyo urudi kwa njia ile ile uliyoendea, usije ukauchosha mguu mmoja.

Suala la kushika nafasi ya ngapi lisimsumbue mtu. Mwaka 1968 katika Olimpiki ya Mexico, mwanariadha wetu John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti, akaendelea na kufika mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Nchi inamkumbuka hadi leo.

Linalobaki ni la waandaaji. Sisi tukishamaliza kutoka jasho, nao wabandike ukutani hesabu: kimeingia kiasi gani, kimetumika kiasi gani, na kimemfikia mgonjwa kiasi gani. Majirani walioahidi shilingi elfu moja moja wana haki ya kuisoma.

Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.