Seva ya Nyumbani Ufipa: Mashine Hupanga, Wenyeji Hutaja Majina

Sauti na picha za Ufipa, uwanda wa juu ulioko kusini-magharibi mwa Tanzania, zimetawanyika mno. Video za harusi ziko kwenye DVD zilizoanza kukwaruzika, nyimbo za kwaya za parokia ziko kwenye kaseti na flashi, hotuba za mazishi ziko kwenye simu ya mjukuu anayeishi Mbeya au Dar es Salaam, na hadithi za wazee, kama ziliwahi kurekodiwa, ziko kwenye memori kadi ambayo hakuna anayejua iko droo gani. Wakati huohuo, vifaa vya kuzikusanya zote mahali pamoja vimekuwa rahisi kupatikana. Seva ya nyumbani ni kompyuta moja inayokaa imewashwa na kuhudumia simu na televisheni zote za nyumba kupitia waifai. Hoja ya makala hii ni kwamba kifaa cha namna hii kina manufaa makubwa zaidi Sumbawanga, mji mkuu wa mkoa wa Rukwa ulioko Ufipa, kuliko katika miji yenye intaneti ya kasi, lakini manufaa hayo hayatakuja kwa mashine peke yake. Kazi ambayo wengi hudhani programu itawafanyia, yaani kutambua na kupanga kilichomo, ndiyo hasa itakayobaki mikononi mwa wenyeji.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Kompyuta mpakato iliyotumika miaka kadhaa, yenye kioo kilichopasuka lakini bado inawaka, inatosha. Hata Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, inatosha. Juu yake huwekwa mfumo wa Linux, kisha programu kama Jellyfin, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ilizaliwa Desemba 2018, pale watengenezaji wa programu iitwayo Emby walipoufunga msimbo wao na baadhi ya wachangiaji wakaendelea na toleo lililokuwa bado wazi. Simu ikishaungana na waifai ya nyumba, mtu hufungua kivinjari, akaona rafu za filamu, muziki na picha, akabonyeza, ikacheza. Bando haliguswi, kwa sababu data inatoka sebuleni kwenda chumbani bila kupita kwenye mnara wa simu. Sharti la kiufundi la kuzingatia ni aina ya faili. Video iliyohifadhiwa kwa mfumo wa H.264, ambao karibu kila simu janja huuelewa, seva huitoa kama ilivyo bila kutoka jasho. Ikiwa katika mfumo ambao simu haiujui, seva hulazimika kuibadilisha papo hapo, na hapo kompyuta dhaifu huelemewa.

Hesabu ya data inaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito zaidi mahali ambapo watu hununua bando. Video inayotiririka kwa megabiti 5 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 2.25 kwa saa. Watu wanne wa nyumba moja wakiitazama video ya saa moja kwa nyakati tofauti kupitia intaneti, zimekwenda gigabaiti 9. Ikiwa kwenye seva, iliingia mara moja tu na kila anayeitazama baada ya hapo haongezi gharama. Diski ya terabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 400 za video ya kiwango hicho. Kwa sauti iliyobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hubeba zaidi ya saa 17,000, yaani karibu miaka miwili ya kusikiliza usiku na mchana. Tena liko suala la kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi za jirani. Siku kama hiyo, kilichoko Marekani au Ulaya hakifikiki vizuri, na kilichoko sebuleni kinaendelea kucheza.

Sasa tuje kwenye upangaji wa moja kwa moja, ambao ndio fahari ya programu hizi. Faili jipya likiingia kwenye folda, Linux huijulisha programu, nayo husoma jina la faili, hutafuta ndani yake kichwa na mwaka, kisha huuliza hazina za data kwenye intaneti. Kwa filamu huuliza The Movie Database, iliyoanzishwa mwaka 2008, na kwa muziki huuliza MusicBrainz, iliyoanzishwa mwaka 2000. Hupakua picha ya jalada, majina ya waigizaji au waimbaji na muhtasari, ikavihifadhi ili hata intaneti ikipotea rafu zibaki zimepambwa. Kwa wimbo usio na jina ipo mbinu ya alama ya sauti. Programu maalumu ya kazi hiyo hukata wimbo katika vipande vifupi, hupima katika kila kipande nguvu ya kila noti kati ya noti 12 za muziki, hugeuza vipimo hivyo kuwa mfuatano wa tarakimu, na kuulinganisha na mifuatano iliyokwisha kusajiliwa katika hazina ya AcoustID. Albamu maarufu ya Marekani hutambuliwa kwa sekunde chache, na jalada lake likatokea.

Lakini mbinu zote hizi zina sharti moja: mtu fulani, mahali fulani, awe ameshakieleza kitu hicho kabla. Mashine haijui lolote kuhusu wimbo. Inajua tu kwamba unafanana na ule ambao mtu aliuandikia jina. Chukua faili liitwalo VID-20190811-WA0004. Kutoka kwenye jina hilo mtu anaweza kusoma kwamba ni video, kwamba iliingia kwa WhatsApp tarehe 11 Agosti 2019, na kwamba ilikuwa na namba 4 siku hiyo. Hata tarehe yenyewe ni ya kupokelewa, wala haisemi video ilirekodiwa lini. Huenda ni sherehe ya upadirisho, huenda ni bibi anaimbia mjukuu kwa Kifipa, huenda ni mzaha wa kutoka Nairobi. Programu itauliza hazina za dunia na haitapata jibu, au, vibaya zaidi, itapata jibu la uongo na kuibandika kwaya ya kijijini jalada la bendi ya ng'ambo. Hapo ndipo ahadi ya upangaji wa moja kwa moja inapoishia kwa nyumba ya Ufipa. Kadiri kitu kilivyo chetu zaidi, ndivyo mashine inavyokifahamu kidogo zaidi.

Iko hatari nyingine, iliyojificha ndani ya kipengele kinachosifiwa sana: kutambua nakala zinazojirudia. Kwa filamu ni jambo jema, maana hakuna haja ya kuwa na faili tatu za filamu ileile. Kwa fasihi simulizi ni hasara. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alitoa mwaka 1978 kitabu kizima kuhusu sanaa ya masimulizi ya Wafipa, na mwaka 1981 kingine kinachochambua simulizi la mtawala wa Milansi na wageni wa ukoo wa Twa waliotwaa utawala. Utawala huo wa Twa baadaye uligawanyika kuwa sehemu mbili, Nkansi na Lyangalile. Simulizi la namna hiyo hubeba siasa na ukoo wa anayelisimulia, hivyo wazee wawili kutoka pande mbili wakilisimulia kwa kichwa kilekile, yale ni masimulizi mawili na yote yanastahili kubaki. Programu iliyoachiwa ijiamulie inaweza kuyaweka chini ya jina moja na kumwonyesha mtazamaji moja tu. Anayepanga maktaba hii lazima aandike msimulizi, mahali na mwaka ndani ya jina la faili, ili tofauti ionekane kwa mashine kama inavyoonekana kwa sikio.

Thamani ya kuandika majina imeshathibitishwa katika historia ya kurekodi Afrika. Hugh Tracey alirekodi muziki Tanganyika mwaka 1950, na mwaka 1954 akaanzisha huko Afrika Kusini Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM. Santuri za mfululizo wake wa Sound of Africa, zaidi ya 200, ziliambatana na kadi zinazotaja mahali, lugha, waimbaji na ala. Mtafiti wa leo huzifikia rekodi zile kwa kupitia kadi. Seva ya nyumbani ina njia yake ya kadi. Jellyfin husoma faili dogo la maandishi lenye jina lilelile la video na kiambishi cha nfo, na kilichoandikwa humo hukitanguliza kabla ya kuuliza hazina za nje. Mtu akiandika lugha, kijiji, tarehe, nani anaongea, nani alirekodi na nani alitoa ruhusa, programu itafanya yote yaliyobaki: itapanga kwa mwaka, itakusanya kwa msimulizi, itatafuta kwa neno. Na MusicBrainz iko wazi kwa yeyote kuongeza, kwa hiyo kwaya ya Laela, mji mdogo wa Rukwa, ikisajiliwa mara moja, kila seva duniani inayouliza hazina hiyo itaweza kuitambua. Fikiria malungu, zile tanuru za Wafipa za kuyeyushia chuma zenye urefu unaokaribia mita 3, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Mwandishi aitwaye Greig alizieleza kwa maandishi mwaka 1937, na Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Tanzania, amezichunguza kwa kina katika miongo ya karibuni. Maandishi yao yametuhifadhia umbo na kemia. Lakini mzee anayetaja kila sehemu ya tanuru kwa Kifipa, kwa lafudhi ya kwao, rekodi iliyoandikiwa jina pekee ndiyo itakayomhifadhi.

Wapo watakaosema YouTube inatosha: pakia huko, kila ndugu atazame. Ni kweli YouTube inasambaza vizuri, na hakuna ubaya kuitumia kwa kilichokusudiwa umma. Lakini kusambaza si kutunza. Akaunti hufungwa, nywila hupotea mwenyewe anapofariki, video hushushwa ubora, na aliyeko Namanyere, mji mwingine wa Rukwa, hulipa bando kila anapotaka kumsikia babu yake. Tena si kila jambo la familia ni la dunia nzima. Seva isiyofunguliwa kwa intaneti, yenye nywila nzuri ya waifai, inabaki ndani ya kuta za nyumba. Na ndugu wa mbali anaweza kutumiwa flashi kwa basi, njia ambayo watu wa Rukwa wanaijua vizuri.

Pingamizi la pili ni umeme, nalo ni zito. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme kutoka Zambia, nje ya gridi ya taifa, na kukatika si jambo geni. Umeme unaokatika ghafla faili likiwa linaandikwa unaweza kuliharibu faili hilo. Ndiyo maana kompyuta mpakato kuukuu inafaa kuliko kompyuta ya mezani, kwa kuwa betri yake, hata ikibaki na uhai wa dakika 20, inatosha kuizima kwa utaratibu. Ikitumia wati 15 mfululizo, hula takriban uniti 11 kwa mwezi, na paneli ya sola ya wastani yenye betri huimudu. Hali ya hewa ya uwanda husaidia pia, maana ubaridi wa Sumbawanga hupunguza joto la mashine. Mwinuko wa takriban mita 1,800 nao si tishio. Kichwa cha kusomea cha diski ya kuzunguka huelea juu ya sahani kwa tabaka la hewa la nanomita chache tu, hivyo hewa ikiwa nyepesi mno hukosa pa kuegemea. Lakini watengenezaji wengi huweka kikomo karibu na mita 3,000. Maadui wa kweli ni vumbi la kiangazi na radi za masika. Wa kwanza hutibiwa kwa kusafisha feni, wa pili kwa kuchomoa waya mvua inapotishia.

Pingamizi la tatu ni kwamba diski hufa, na kukusanya kila kitu mahali pamoja ni kukusanya hasara pia. Jibu ni nakala: moja kwenye seva, ya pili kwenye diski nyingine iliyochomolewa, ya tatu nje ya nyumba, kwa ndugu au ofisini parokiani. Asiye tayari kwa nakala ya pili asitupe kaseti zake. La nne ni haki za watu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na inalinda pia sanaa za jadi; seva ya nyumbani haigeuzi filamu ya wizi kuwa halali, wala haimpi mtu ruhusa ya kuuza nyimbo za kwaya bila kwaya kujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imetukumbusha kwamba taarifa za mtu zinastahili kulindwa. Mzee anayerekodiwa aulizwe nani asikilize, na jibu lake liandikwe kwenye faili lile la maelezo.

Kwa hiyo anayetaka kuanza asianze kwa kununua kifaa. Aanze kwa kukaa na mkubwa wa familia na kupitia faili 20 za kwanza, akiuliza kila moja: huyu ni nani, hapa ni wapi, ulikuwa mwaka gani, lugha gani hii? Majibu yaandikwe kwa daftari kama kompyuta haipo. Mashine itapatikana wakati wowote na itapanga kwa sekunde, ila wanaojua majina hawatakuwepo siku zote. Ulizeni sasa, andikeni sasa.