Uswisi Haiishi kwa Akaunti za Siri

Kila ninapofundisha uchumi wa Ulaya, mkono wa kwanza kunyooka huuliza lile lile: "Wakirudisha pesa zetu walizotufichia kule, Uswisi si itafilisika?" Wabunge wameniuliza, madereva wa teksi wameniuliza. Leo najibu kwa maandishi, na atakayeuliza tena nitampa gazeti.

Haitafilisika. Wala haitayumba.

Amana si mali ya benki. Ukiweka shilingi milioni 10, benki inadaiwa na wewe milioni 10. Inachofaidi ni ada ya kuzitunza na tofauti ya riba inapozikopesha. Kwa hiyo mwizi akificha dola bilioni moja Geneva, bilioni hiyo haiingii katika pato la taifa la Uswisi. Inaingia ile ada, ambayo ni chembe tu ya fedha yenyewe.

Hamtosheki? Tupige hesabu. Uswisi iliirudishia Nigeria takribani dola milioni 700 zilizoibwa na Sani Abacha, aliyekuwa mtawala wake wa kijeshi. Kwa Nigeria ni fedha nyingi mno. Uchumi wa Uswisi, nchi ya watu milioni 9 tu, huzalisha zaidi ya dola bilioni 800 kwa mwaka, yaani zaidi ya bilioni 2 kila siku. Fedha hizo zote ni sawa na kazi ya saa nane za uchumi huo. Saa nane! Na bado mtu mzima ananiambia nchi imejengwa kwa fedha za namna hiyo.

Hata siri yenyewe ya akaunti imechakaa. Sheria iliyoilinda ilipitishwa mwaka 1934. Mwaka 2009 benki ya UBS ilikubali kuilipa Marekani dola milioni 780 na kukabidhi majina ya wateja, na tangu 2018 Uswisi hupeleka taarifa za akaunti kwa mamlaka za kodi za nchi nyingi bila kungoja kuombwa kila mara. Machi 2023 Credit Suisse, benki ya pili kwa ukubwa nchini, ilianguka ikanunuliwa na UBS kwa faranga bilioni 3. Kesho yake treni zilifika kwa wakati kama kawaida. Benki na bima zote kwa pamoja ni takribani sehemu moja ya kumi ya uchumi. Si haba, lakini si nguzo inayoibeba nyumba.

Sitetei wezi, fedha za umma zidaiwe hadi senti ya mwisho. Ila hasara ya aliyeibiwa ni jambo moja, na utajiri wa aliyezitunza ni jambo jingine.

Basi wanaishi kwa nini? Dawa. Nenda Basel, kwenye makao ya Roche na Novartis. Ukiacha dhahabu, dawa na kemikali ni karibu nusu ya bidhaa zote ambazo Uswisi huuza nje. Coartem, dawa mseto ya malaria uliyomeza wewe au mwanao, ni ya Novartis. Saa za mkononi na mashine zinafuata kwa mbali. Halafu kuna biashara ya mali ghafi: kampuni za Geneva na Zug hununua na kuuza mafuta, shaba na kahawa ambazo nyingi hazikanyagi ardhi ya Uswisi kamwe. Na kahawa wanayoiingiza na kuikaanga wenyewe huwapatia fedha nyingi za nje kuliko chokoleti na jibini zikijumlishwa, ingawa hawana hata mche mmoja shambani. Huduma ni karibu robo tatu ya uchumi, viwanda robo. Kilimo, pamoja na ng'ombe wote wa kwenye kalenda, hakifiki asilimia moja.

Nafasi inaisha, kwa hiyo haraka haraka, ushauri kutokana na hayo. Mwanafunzi: serikali ya Uswisi ina ufadhili wa utafiti na masomo ya uzamivu, uliza ubalozini mapema, na kemia au famasia itakufaa kuliko ndoto za benki. Mzazi: kule karibu theluthi mbili ya vijana hupitia uanagenzi, siku kadhaa kazini na moja au mbili darasani, kwa hiyo usimwonee aibu mwanao akichagua VETA. Chama cha ushirika cha kahawa: kabla ya kusaini, jua bei yenu imefungwa kwenye soko gani, New York kwa arabika au London kwa robusta, ni nani anayebeba hasara ikishuka njiani, na mzigo unakaangwa wapi.