Sumbawanga na Majirani Zake: Nani Anasimamia Nini

Ramani ya kero za Sumbawanga, mkoani Rukwa, Tanzania, haiishii kwenye mipaka ya manispaa. Baadhi ya samaki wanaouzwa mjini hupandishwa kutoka Ziwa Tanganyika, kupitia Kipili wilayani Nkasi na Kasanga wilayani Kalambo, bandari zilizo chini ya Mamlaka ya Bandari (TPA). Barabara kuu na za mkoa ni za Wakala wa Barabara (TANROADS). Za mitaa, pamoja na mitaro yake, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017. Maji ya vijijini, tangu 2019, ni ya RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini. Taka ni mzigo wa halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa, anayezijua kero hizo kuliko wote, hana bajeti. Halmashauri za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo zichore ramani hiyo pamoja, naye akiwemo.