Mafuta Yaliyozama Ardhini na Maji ya Kisima

Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma ya kuwa Wafilisti waliviziba kwa udongo visima vya Abrahamu, na Isaka mwanawe akavichimba upya. Uharibifu wa namna hiyo huonekana, na mwenye jembe aweza kuutengeneza. Lakini uko uharibifu mwingine usioonekana: mafuta ya mitambo yaliyozama ardhini. Mwaka 2015 watu wa Thange, katika nchi ya Kenya, waliuonja uchungu wake, bomba la mafuta lilipovuja na kuchafua maji yao.

Mafuta hayo huenda wapi? Na maji ya chini yatakuwa safi tena lini? Ili tupate jibu, na tutazame mahali palipochunguzwa kwa miaka mingi sana.

Bomba lapasuka

Tarehe 20 Agosti 1979, karibu na mji wa Bemidji, jimbo la Minnesota, Marekani ya kaskazini, bomba la chuma lenye kupitisha mafuta ghafi lilipasuka. Lita kama 1,700,000 zilimwagika. Mafundi walifyonza mafuta kwa pampu, mengine wakayachoma, wakauondoa na udongo uliolowa. Hata hivyo, lita kama 400,000 zilibaki ardhini, mahali ambapo mkono wa mtu haukuweza kufika.

Mwaka 1983 wataalamu wa jiolojia wa serikali ya Marekani walianza kupafanyia utafiti. Walitoboa visima vingi vyembamba, si vya kunywea, bali vya kupimia tu.

Maji hutembea

Watu wengi hudhani kuwa maji ya kisima yametulia kama maji ya mtungi. Sivyo. Hupenya polepole kati ya chembe za mchanga na changarawe, pengine sentimita chache tu kwa siku, yakielekea mtoni au ziwani. Huko Bemidji yanaelekea ziwa dogo lililo umbali wa mita 300 hivi.

Je, njia yake hujulikanaje? Ninyi wanafunzi, sikilizeni. Hutobolewa visima vitatu au zaidi, visivyo katika mstari mmoja. Kwanza hupimwa urefu wa mdomo wa kila kisima kutoka alama moja. Kisha huteremshwa utepe mpaka uguse maji. Tuseme mdomo wa kisima uko mita 20 juu ya alama, na maji yako mita 7 chini ya mdomo: basi maji yamesimama mita 13 juu ya alama. Vipimo vyote vikilinganishwa, hujulikana upande wenye maji ya juu na upande wenye maji ya chini. Maji hushuka kutoka juu kwenda chini, hata yakiwa gizani. Lakini vipimo hurudiwa, kwa maana masika na kiangazi huyapandisha na kuyashusha.

Mafuta yaelea, sumu yasafiri

Mafuta ni mepesi kuliko maji. Kwa hiyo hukaa juu yake, na mengine hunaswa katika mchanga. Lakini sehemu yake huyeyuka majini na kusafiri nayo. Mojawapo ni kitu kiitwacho benzeni, ambacho chaweza kuleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linaagiza kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 za benzeni katika lita moja.

Hapo wataalamu waliona jambo la kustaajabisha. Vijidudu vidogo mno, ambavyo Muumba ameviweka udongoni, huyala mafuta hayo. Kwanza hutumia hewa ya oksijeni. Ikiisha, hutumia vitu vingine vya ardhini kama chuma, na mwishowe hutoa gesi. Kwa kazi yao, uchafu haukusafiri mbali kama maji yenyewe.

Je, basi tustarehe? Hasha! Kazi hiyo ni ya polepole mno. Kuanzia mwaka 1999 pampu ziliwekwa tena kwa miaka kadhaa, na bado mafuta yalisalia. Tena vijidudu vinapotumia chuma cha udongoni, sumu ya aseniki iliyokuwa imeshikamana nacho hufunguka na kuingia majini. Kwa sababu hiyo lazima watu waendelee kupima, mwaka hata mwaka.

Yatupasayo

Wazazi, msimwage mafuta machafu ya motokaa karibu na kisima, wala msiweke mapipa yanayovuja mahali palipoinuka juu yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Maji yakinuka mafuta, acheni kuyanywa, mkawaarifu wakubwa na watu wa afya. Kuyachemsha hakutoshi: moto huua vijidudu vya maradhi, lakini si njia ya kuaminika ya kuondoa mafuta. Wala kutokuwa na harufu si hakika ya usafi. Hakika hutoka katika kipimo.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kuwa maji salama ya kunywa ni haki ya kila mtu. Haki hiyo inamdai mwenye bomba na mwenye pipa vilevile. Anayemwaga leo asiseme, «Ardhi imeyameza, yamekwisha.» Ardhi huyatunza, na maji huyapeleka taratibu kwa jirani aliye bondeni, na kwa watoto wake ambao hawajazaliwa bado.