Maudhi ya Dawa za Saikosisi katika Mwendo wa Misuli kwa Vijana: Mtazamo kutoka Mkoa wa Singida

Dawa za kutibu saikosisi huzuia vipokezi vya dopamini katika ubongo. Kizuizi hicho hupunguza sauti zisizokuwapo na imani potofu, lakini hugusa pia sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo wa misuli. Haloperidoli na flufenazini huleta maudhi haya zaidi kuliko olanzapini. Vijana, hususani wa kiume, wamo katika hatari kubwa ya kukakamaa kwa ghafla.

Maudhi hayo hutofautishwa kwa wakati yanapojitokeza. Mkakamao wa ghafla wa shingo, taya, ulimi au macho huonekana mara nyingi ndani ya siku 5 za mwanzo. Hali ya kutotulia, ambapo mgonjwa hushindwa kuketi, pamoja na utepetevu unaofanana na ugonjwa wa Parkinson, hufuata baada ya siku au majuma. Michezo ya midomo na ulimi isiyo ya hiari huja baada ya miezi au miaka, na huweza kubaki hata dawa ikisimamishwa.

Suala la wakati lina uzito wa pekee mkoani Singida. Mkoa huu unapakana na Dodoma, ilipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927. Kijana wa Iramba au Mkalama aliyeanzishiwa dawa huko na kuruhusiwa mapema huwa zaidi ya kilomita 200 kutoka kwa daktari wake siku ambazo mkakamao hutarajiwa. Shingo iliyopinda na macho yaliyogeuka juu huweza kudhaniwa kuwa pepopunda, kifafa au mapepo. Aidha, kutotulia huweza kuhesabiwa kuwa ugonjwa umezidi. Dozi ikaongezwa, na adha ikazidi. Kwa aliyechomwa sindano ya flufenazini ya muda mrefu, dawa haiwezi kuondolewa mwilini kwa majuma kadhaa.

Mkakamao wa ghafla hutulia upesi kwa sindano ya dawa kama biperideni. Kutotulia huhitaji kupunguzwa kwa dozi, kubadilishwa kwa dawa, au propranololi. Hata hivyo, mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani haushauri dawa kama biperideni kutolewa kwa kila mgonjwa kama kinga, kwa kuwa nazo hukausha kinywa na kudhoofisha kumbukumbu.

Hivyo basi, maelezo kwa familia kabla ya safari ya kurudi nyumbani ni sehemu ya tiba yenyewe. Mzazi anayejua dalili hizi humpeleka kijana katika zahanati iliyo karibu akiwa na jina la dawa mkononi. Asiyezijua huitupa dawa, na saikosisi hurudi.