Umeme Hautoki Kwenye Bibo

Msimu wa korosho ukikolea Ndanda, mabibo huzagaa chini ya mikorosho kuliko watu wanavyoweza kuyala. Mengine hukamuliwa yakawa uraka, mengi huoza. Kwa mwalimu wa sayansi asiye na maabara, hapo pana somo zima la umeme.

Chukua bibo lililoiva. Chomeka msumari wa bati, ule uliopakwa zinki, na pembeni yake waya wa shaba uliokwanguliwa plastiki. Visigusane. Mita itasoma karibu volti moja, mara nyingi pungufu kidogo. Panga mabibo manne kwa kufuatana, shaba ya hili kwa zinki ya lile, na taa nyekundu ya LED itawaka kwa kufifia. Isipowaka, geuza miguu yake, maana LED hupitisha mkondo upande mmoja tu.

Wengi wakiona hivyo husema bibo lina umeme. Halina. Nishati inatoka kwenye zinki, metali inayoachia elektroni zake kwa urahisi kuliko shaba. Ikiwa ndani ya maji yenye asidi, zinki huyeyuka kidogo kidogo na kuacha elektroni kwenye msumari. Hizo hupita kwenye waya, huwasha taa, kisha huishia kwenye shaba, ambako haidrojeni ya ile asidi huzipokea. Maji ya bibo hupitisha chembe zenye chaji ndani kwa ndani ili mzunguko ukamilike. Waya ukikatika, au bibo likikauka, kila kitu kinasimama. Alessandro Volta alipotengeneza betri yake mwaka 1800 hakuwa na tunda lolote: vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi vilimtosha. (Bibo lililotumika litupwe, lina chumvi za zinki, halifai kuliwa.)

Tofauti ya volti na mkondo huwapiga chenga wanafunzi wengi, lakini mtu wa Newala anaweza kuielewa haraka. Uwanda wa Makonde hunywa mvua yake yote mchangani, kwa hiyo maji husukumwa kwa pampu kutoka visima vya bonde la Mitema hadi juu. Kimo ambacho pampu inayapandisha ndicho volti; lita zinazofika kila dakika ndizo mkondo. Bibo ni pampu inayofikisha maji juu yakiwa ya kudondoka tu. Upinzani wake wa ndani ni mkubwa, mkondo wake kwa kawaida haufiki hata miliampea chache. Balbu ya tochi ya zamani, iliyotaka robo ampea hivi, haitawaka hata ukiunga mabibo kumi.

Betri ya redio ni zinki ile ile. Mkebe wake ndio zinki, katikati kuna kijiti cha kaboni, na kati yake unga mweusi wenye dioksidi ya manganizi, ambao walimu wengi waliusaga wakapaka ubao. Watu huanika betri zilizochoka juani, na wana haki: joto huharakisha mmenyuko na mwendo wa chembe, upinzani hupungua, redio ikasema tena kwa muda. Ila zinki iliyokwisha kuliwa hairudi. Ndiyo maana kuchanganya betri mpya na kuukuu ni hasara. Zikiwa zimefuatana, mkondo wote lazima upite ndani ya ile iliyochoka. Huibana mpya, na yenyewe hulazimishwa kufanya kazi isiyoiweza hadi mkebe unatoboka na kuvuja, ukila springi za redio.